Inataka Kusalimiwa Kwanza

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni kaunta, katika ofisi ya wafuga nyuki, Koboko. Karani, mzee wa makamo, alifungua tovuti yao mpya kwenye komputa yake ya zamani. Picha zililalia maandishi, na juu pakatokea onyo: "Kivinjari chako kimepitwa na wakati. Tafuta kingine."

Alivua miwani. "Ni mimi inafukuza?"

Dada aliyeitengeneza tovuti hiyo, mzaliwa wa hapahapa, alivuta kiti. "Hapana, mzee. Kivinjari yako iko najua kazi. Iko najifanya tu ya zamani zaidi."

Akafuta lile onyo, kisha akaandika mstari mmoja wa kukiamuru kivinjari kiache kujifanya. Hakuna kilichobadilika. Akacheka, akauhamisha mstari ule hadi juu kabisa ya kiolezo cha ukurasa, mbele ya maagizo mengine yote.

"Hii inataka kusalimiwa kwanza," akasema.

Ukurasa ukanyooka. Karani akaita foleni nzima ije kuona picha za mizinga yake, nami nikajivuna kana kwamba mstari ule nimeuandika mimi.

Kisha nikaomba nifungue tovuti ya gazeti hili papo hapo, kwenye komputa ileile. Ikaniambia nitafute kivinjari kingine.

Mhariri, fundi yuko Koboko. Ukifika, msalimie kwanza.