Simu ya Fort Ternan

Baba ni dereva wa treni za mizigo. Nilipozaliwa alikuwa tayari na miaka mingi katika kazi hiyo, na bado yumo, ingawa sikio lake la kushoto limeharibiwa na kelele za injini. Huchukua treni Nakuru, akaipandisha hadi Mau Summit, kisha akateremka nayo mpaka Kisumu. Husema kupanda si kitu. Kuteremka ndiko kazi, kwa sababu treni nzito ikikushinda kwenye teremko hakuna wa kuishika.

Kwa hiyo nyumbani kwetu Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, tulikuwa na sheria moja. Dereva akiwa njiani haambiwi habari mbaya. Upepo ukiezua paa, mtoto akivunjika mkono, atajua akishafika, akishanawa, akishakula. Wake wa madereva wengine pia waliishi hivyo. Mama alinieleza nikiwa mdogo: "Akili yake ikitoka kwenye breki hata kidogo, tutazika watu."

Nyanya, mama yake Baba, alipofariki, Mama alikaa na habari hiyo siku nzima. Baba alipiga simu mara mbili, na mara zote mbili Mama alimwuliza tu kama amekula. Baba alipofika, Mama alimpa ugali na samaki, akangoja amalize, ndipo akamwambia. Baba alilia sana. Baadaye nilimsikia akisema, "Asante, mama watoto. Ningejua nikiwa kule juu, sijui kama ningefika." Nilikuwa darasa la nne. Nilimwona Mama kama mtu aliyefanya jambo kubwa.

Nilipomaliza darasa la nane nilibaki nyumbani. Nilimsaidia Mama kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la kando ya barabara. Yeye ndiye aliyeita wateja. Mimi nilipima na kufunga, kwa sababu kuita watu kulinishinda. Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba, tukaacha kwenda sokoni. Siku Baba alipoondoka kwa safari ile, Mama alikuwa na nafuu kidogo. Alimfungia chakula mwenyewe.

Siku ya pili asubuhi aliamka akiwa hawezi kulala chali. Nilimwegemeza ukutani, nikamwekea mito mgongoni. Pumzi yake ilisikika chumba kizima. Nilimpigia kaka yangu, ambaye anafanya kazi kwenye duka la mabati mjini, akasema anakuja na tuktuk. Kabla hajafika, simu ikalia. Ilikuwa ni Baba.

"Nyara, mko sawa?" Huniita hivyo, yaani binti yangu.

"Tuko sawa, Baba."

"Niko Fort Ternan. Mama yako yuko wapi?"

Mama alikuwa ananitazama. Alinyoosha mkono. Nilielewa vizuri kwamba anataka simu, lakini niliogopa Baba ataisikia ile pumzi. Nikatoka nje, nikaenda mpaka kwenye ua, nyuma ya kamba ya nguo.

"Ameenda sokoni," nikasema.

Baba alicheka. "Sokoni? Kumbe amepona! Huyo mwanamke hawezi kutulia. Mwambie asibebe ndoo, nitambebea mimi kesho. Na mwambie nimempatia viazi, vile vikubwa. Sawa?"

"Sawa, Baba."

Niliporudi ndani, mkono wa Mama ulikuwa umelala juu ya blanketi.

"Ni baba yako?"

"Ndiyo. Anakusalimia. Amekununulia viazi."

"Umemwambia niko wapi?"

"Sokoni."

Alifunga macho. Nilifikiri amefurahi kwamba nimefanya kama yeye. Kisha akasema, "Ningemsikia tu."

Nilishika simu. Nikahesabu moyoni kwamba sasa ameshaondoka stesheni ya Fort Ternan, yuko kwenye teremko, mkono uko kwenye breki. Nikairudisha mfukoni. Kaka aliingia, tukambeba Mama, tukampakia kwenye tuktuk. Hakufika hospitali. Tulikuwa bado hatujavuka mzunguko wa barabara aliponilalia begani, na nikajua.

Kaka alibaki mochari kushughulikia karatasi. Msimamizi wa zamu pale stesheni ya Kisumu alikuwa ameshapigiwa simu, naye alisema lile lile: Baba asiambiwe mpaka akabidhi injini. Mimi nikatumwa nikamngoje. Labda kaka alidhani kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa na Mama, nitajua la kusema.

Treni iliingia alasiri. Baba alishuka na sanduku lake la bati na mfuko wa viazi. Msaidizi wake, mtu wa mzaha, aliniona kwanza.

"Mzee, binti yako amekuja kukuchunga! Amesikia leo ni siku ya mshahara."

"Huyu?" Baba akasema. "Huyu hata mshahara wake mwenyewe hangeweza kuuomba." Wakacheka. "Nyara, shika viazi. Mama yako amerudi sokoni?"

Nilishika viazi. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake mkononi, na Baba alipomwona hivyo aliacha kucheka.

"Mama yako... Ilikuwa saa ngapi?" aliniuliza.

"Asubuhi. Baada ya simu yako."

"Baada?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo nilipopiga alikuwa hai. Alikuwa wapi?"

"Kitandani. Alikuwa anataka simu." Sijui kwa nini nilisema hilo pia. Nadhani nilikuwa nimechoka kuficha. "Ulikuwa njiani, Baba. Ni wewe na Mama mliosema..."

"Sikuwa naendesha," Baba akasema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimesimama. Nilikaa Fort Ternan saa nzima baada ya kuongea na wewe, nangoja treni nyingine ipite. Saa nzima nimekaa kwenye jiwe, nakula mahindi."

Msaidizi wake aligeuka akatazama pembeni. Mimi nililia nikiwa nimekumbatia ule mfuko.

Tulimzika Mama kijijini kwa kina Baba, upande wa Luanda Kotieno. Katika siku zote za matanga Baba hakunigombeza hata mara moja. Shangazi alipoanza kunilaumu mbele za watu, alimnyamazisha: "Mwache mtoto. Sheria ilikuwa yangu." Nilidhani basi, yamekwisha.

Baada ya wiki chache alirudi kazini. Sasa hupiga simu kutoka kila stesheni anaposimama. Huniuliza kama nimekula, kama mvua imenyesha, kama kaka amerudi kutoka mjini. Namjibu yote, na yote huwa ni kweli. Sauti yake ni ya upole, pengine kuliko zamani.

"Kwa hiyo wote wazima?"

"Wote wazima, Baba."

Nasikia injini ikinguruma nyuma yake.

"Haya," husema. "Mpe kaka yako simu."