Kanzu ya Bandi

Nadhir alizaliwa Tabora, akaja Oman na pupa yake nzima nzima. Alikula chakula kingali jikoni, na kwenye sataranji alimtuma waziri vitani kabla ya kuulizana hali. Mwenyewe akijisimulia husema hajapata kufungwa na mtu. Kila mara alijifunga peke yake.

Mwaka wa sabini na tisa, akiwa karani Nizwa, alimposa Badriya wa Ibra. Baba wa Badriya, Bwana Khalaf, Mzanzibari wa zamani, alikuwa na mtindo wake: mposaji hapewi jibu mpaka wacheze sataranji. "Pupa ya mtu huonekana mkononi," alisema. Nadhir alikwishafungwa mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho, maana kijana mmoja wa Sur naye alikuwa anangoja jibu.

Kwa siku kubwa kama hiyo alitaka kanzu mpya. Fundi akamwambia, "Nimepiga bandi tu, mishono ya kushikizia. Njoo Jumamosi, niipitishe cherehani." Nadhir angoje Jumamosi? Akaivaa na bandi zake, ndani kaptura nyekundu ya mpira, akatia moto pikapu mpaka Ibra.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Alipokunja miguu zuliani, akasikia uzi ukiachia nyuma, kuanzia kiunoni kushuka. Upepo wa feni ukampa habari iliyobaki. Soud, mdogo wake Khalaf, alikuwa amekaa ubavuni pa mgeni. Nadhir akiinama mbele kidogo tu, posa imekwisha.

Basi akacheza kile tu alichokifikia bila kuinama. Askari hatua moja. Askari mwingine amlinde mwenziwe. Farasi nyuma yao. Ngome akaiburura pembeni kwa ncha za vidole. Waziri alikuwa karibu, lakini kumpeleka alikozoea kulitaka mkono mrefu, akamwacha alale.

Bwana Khalaf alingoja shambulio, shambulio halikuja. Kahawa ikaja, tende zikaja. Askari wa Nadhir wakasogea taratibu hadi katikati wakawa ukuta, ndovu wa mzee wakafungiwa kwao, farasi wake wakakosa pa kutua. Kete yoyote aliyotaka kuisogeza ingeiacha nyingine wazi. Nadhir jasho lilimtoka. Alimwomba Mungu mchezo usiishe, kwani ukiisha itabidi asimame.

Mzee akamlaza mfalme wake mwenyewe. "Nimebanwa. Wallahi, subira kama hii sijaiona!"

Mara ikaadhiniwa magharibi.

"Haya, mshindi atusalishe."

Kusalisha! Awape mgongo! Nadhir alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusingizia tumbo, lakini kumdanganya mzee kwa jambo la sala aliogopa.

"Ami, haikuwa subira," alisema. "Nimechanika."

Bwana Khalaf hakushtuka hata kidogo. "Nilisikia ulipokaa. Mimi mzee, si kiziwi. Nilitaka nione utavumilia mpaka lini." Kisha akamgeukia nduguye. "Soud, yule wa Sur kampe jibu: mtoto keshapata mume. Lakini kwanza mletee huyu shuka."

Soud hajafika hata mlangoni, Nadhir kwa furaha alikwisharuka kusimama. Nyuma ya pazia la ndani, Badriya akaangua kicheko.