Sukari ya Bakteria

Nimewachunguza bakteria wa mihogo karibu maisha yangu yote ya kazi, na watu wakiniuliza kilichokuwa kigumu zaidi, hutarajia nitaje darubini au safari za mashambani. Kilichokuwa kigumu ni majirani. Nyumba niliyopanga Kariakoo miaka ile ya Ujamaa ilikuwa na vyumba sita, bomba moja uani, na mama mmoja wa Kusini, chumba cha mbele, ambaye hakunipenda tangu siku niliyoshusha godoro langu. Nami sikumpenda. Aliniita Bibi Shamba asiye na shamba, na hakuwa anatania.

Sukari ilikuwa imeadimika. Watu walipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri wakarudi na vikapu vitupu. Mimi nilikuwa na barua ya ofisi ya kuniruhusu kuchukua kilo mbili, kwa sababu bakteria wangu walikula sukari. Niliwakusanya shamba kwa shamba kwa miaka miwili, kwenye mihogo inayonyauka na kutoa gundi, na kila baada ya wiki chache ilinibidi niwahamishie kwenye chakula kipya, la sivyo wangekufa. Petroli ya kurudi kuwatafuta haikuwepo. Sukari ya maabara nayo haikai, kila apitaye anachota. Kwa hiyo niliiweka kwenye kopo chini ya kitanda changu, nikawa napeleka kidogo kidogo.

Sisimizi ndio walionichongea. Msururu wao ulianzia bombani, ukakatiza ua, ukaingia chini ya mlango wangu. Mama wa Kusini aliufuata kwa macho, mkononi ana sufuria ya uji wa chumvi.

"Bibi Shamba, umefuga nini humo ndani?"

"Vyangu havikuhusu, mama."

Lilikuwa jibu la kijinga. Alhamisi ile ile, jua halijazama, alimleta balozi wa nyumba kumi, na wapangaji wote wakaja kusimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, wanasema wewe mlanguzi."

Nilimpa barua. Nikaeleza ugonjwa wa mihogo, gundi, bakteria, na kwamba kila punje ni ya kazi, mimi mwenyewe siigusi. Watu wakaguna. Watoto wao wanakunywa uji wa chumvi, mimi nawalisha wadudu sukari.

"Barua hailambi sukari," mama akasema. "Muulizeni kile kikombe kina nini."

Kikombe changu cha chai ya rangi kilikuwa juu ya stuli, bado cha moto. Kijiko kimoja tu kwa siku, nilikuwa nimejiambia, nani atakufa? Balozi akasema ikiwa chai ina sukari, basi nimewadanganya, na kopo lote litagawiwa nyumba nzima.

"Mimi leo nimefunga," akasema. "Onja wewe uliyelalamika."

Mama akapiga funda moja. Akapiga la pili, polepole, ananitazama kwa chuki ile ile ya kila siku. Nikajua miaka yangu miwili imekwisha.

"Haina kitu," akasema. "Chungu."

Balozi akaniomba radhi. Wapangaji wakatawanyika wakinung'unika. Mama alibaki mlangoni na kikombe changu mkononi.

"Usidhani nakupenda," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mihogo ya mama yangu huko nyumbani inatoa hiyo gundi yako. Hana kingine cha kula. Halafu wewe unakunywa dawa yake."

Akanirudishia kikombe, akaondoka. Nilimchukia kwa kuniokoa kuliko nilivyomchukia kwa kunishtaki. Nikaimwaga chai mchangani karibu na bomba, nikajifungia ndani.

Asubuhi nilipotoka, sisimizi walikuwa wamejaa pale nilipomwaga, weusi tii, na wapangaji walikuwa wanakuja na ndoo zao. Kabla sijafika, mama wa Kusini alikuwa ameshatoka na ufagio. Aliwafagilia mchanga juu mpaka pakawa hapana alama. Nilimwamkia. Hakuitikia.