Nusu Hasi

Safari hii nilifikia Madale, kwa dada yangu. Binti yake wa kidato cha nne alikuwa amekwama: mstari una mteremko wa 2, atafute mlinganyo wa mstari unaoukata kwa pembe mraba, ukipita nukta (4, 3).

“Nimepindua 2, nimepata nusu. Jibu linakataa.”

Kosa hilohilo liliniangusha mie kwenye mtihani wa mwisho.

“Umepindua, hujabadili alama. Mmoja ukipanda, mwenzake anashuka.”

“Mjomba nawe! Si ulifeli hesabu?”

“Andika nusu hasi.”

Akaandika kwa kunikomoa, akakokotoa: y = -½x + 5. Akafunua majibu nyuma ya kitabu, akapiga vigelegele. Mie nilikuwa nimeshasimama, mikono juu.