Mtandika vitanda wa hosteli ya Gdańsk afunga begi lake mwenyewe

Saa nne na nusu asubuhi, Bożena Wilczewska anagonga mlango wa chumba namba saba mara mbili, anasubiri kidogo, kisha anaingia. Kwapani amebana shuka kumi na mbili zilizokunjwa. Ndani kuna vitanda sita vya ghorofa, harufu ya soksi zilizolowa mvua, na kijana mmoja wa Kihispania anayepigana na zipu ya begi lake la mgongoni.

"Likalie," Bożena anamwambia kwa Kipolandi, akimwonyesha kwa mkono. Kijana analikalia. Zipu inafunga.

"Kila asubuhi hakosekani mmoja," anasema Bożena, akianza kuvua foronya. "Anazunguka Ulaya nzima na begi asilojua kulifunga."

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na mmoja ametandika vitanda sitini na viwili vya hosteli hii ya vijana, iliyo juu ya duka la viatu, karibu na Mto Motława. Jengo halina lifti. Shuka chafu huzishusha ngazi sabini na nne, na safi huzipandisha zilezile. Mshahara ni wa kima cha chini na magoti yameanza kugoma.

Wageni wengi huondoka bila kumjua hata jina. Lakini tangu Februari ya mwaka jana, wenzake kazini humwita daktari, nusu utani, nusu heshima.

Asubuhi moja ya Februari hiyo alikuta chumba kitupu isipokuwa kitanda kimoja cha chini, karibu na dirisha. Alikuwa amelala msichana wa miaka kumi na tisa, Annelore, mwenyeji wa Ghent, Ubelgiji, aliyekuwa akitembea peke yake mwezi wa nne sasa, mji kwa mji. Wenzake wa chumbani walikuwa wamesema kabla ya kuondoka kwamba usiku uliotangulia walitoka pamoja, naye akarudi akitapika.

Bożena alimtikisa bega. Msichana akafumbua macho, akayafumba. Alikuwa akivuta pumzi nzito, kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa nne kubwa za maji, zote tupu. Bożena akainama kumsikiliza, na hapo akaisikia harufu mdomoni mwake: tamu, kama tufaha lililoiva kupita kiasi.

Akashuka hadi mapokezi kwa Kacper, kijana anayepokea wageni.

"Bi Bożena, huyo amelewa tu," Kacper alimwambia. "Mwache alale. Mwezi uliopita niliita gari la wagonjwa kwa mlevi, bosi akanisema wiki nzima."

"Kacper, mwanangu, mimi nimelelewa na baba mlevi. Mlevi namjua hata akiwa nyuma ya mlango. Huyu si mlevi. Piga simu wewe, au nipige mimi."

Kacper akapiga.

Bożena hakuwa akibahatisha. Alipokuwa na miaka kumi, alikuwa akilala chumba kimoja na mdogo wake, Romek. Nyumbani kila mtu alidhani mtoto ana homa ya kawaida. "Nilikaa naye nikainusa harufu ileile, na sikujua maana yake," anasema, huku akilainisha shuka kwa kiganja. "Asubuhi hakuamka. Kilikuwa kisukari. Tulikuja kuambiwa baadaye."

Annelore naye hakujua kwamba ana kisukari. Alikuwa amekonda, akafikiri ni kutembea sana na kula tambi za kuchemsha jikoni mwa hosteli. Daktari alimwambia Kacper kwamba kama wangemchelewesha hadi jioni, pengine wasingemuwahi.

Alipomaliza zamu, Bożena alienda hospitalini na mkate wenye jibini, akakaa kando ya kitanda. Kesho yake alirudi, akamkuta mama wa msichana, Griet, ameshafika kwa ndege. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Wakatabasamu, wakala mkate.

Kisha muuguzi akaleta shuka safi. Wanawake wote wawili wakasimama kwa pamoja, mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule.

"Griet alikunja kona ya shuka kama ninavyokunja mimi," Bożena anakumbuka. "Basi tukaanza kulia, kila mtu upande wake wa kitanda. Mtoto katikati anatushangaa."

Annelore alirudi kwao baada ya siku nane. Tangu hapo ujumbe wake haukomi, na Kacper ndiye mkalimani. Kila mara alimwomba Bożena aende Ghent. Kila mara Bożena alijibu kwamba ana kazi, ana bustani, ana mume. Ikapita karibu mwaka, hadi siku moja Kacper akaweka simu mezani.

"Bi Bożena, mimi nimechoka kutafsiri hapana."

Januari hii akaomba likizo ya wiki mbili. Mumewe Zdzisław, mchomeleaji mstaafu, alicheka aliposikia kwamba njiani atalala hosteli.

"Utalala chumba kimoja na watoto? Si watakuita bibi."

"Waniite. Angalau hawatakoroma kama wewe."

Begi ameshanunua, la kijani, na amelijaza na kulipunguza mara tatu. Ataondoka Mei. Kacper alimtafutia ndege ya kumfikisha Ubelgiji kwa saa mbili tu. Akaikataa. Atapanda basi hadi Berlin, ambako hamjui mtu, alale huko siku mbili kitanda cha chini cha hosteli, halafu ashike treni hadi Ghent.

"Kwa Annelore nitafika, na nitamkumbatia," anasema, akipiga mto wa mwisho ukae sawa. "Lakini kwanza nazitaka hizo siku mbili. Niamke, nitoke nje, nipinde kulia au kushoto, na asiwepo anayejua nimekwenda wapi."