Ghorofa Kumi na Mbili za Casimir

Mume wangu Casimir aliondoka kwetu Baraka mwaka 1951, akarudi mwezi wa nane 1957. Miaka sita sikupata salamu yake hata moja. Alirudi amevaa viatu vya ngozi, akatangaza kwamba kule Leo, mji mkuu, alikuwa mwashi, na kwamba mikono yake ndiyo iliyojenga ofisi ya ghorofa kumi na mbili.

Watu walijaa uani kumsikiliza. Ofisi ile, alisema, ilisimama pale barabara mbili zinapokutana, kwenye kiwanja kilichobanwa kati ya hizo mbili, ndiyo maana mbele ilichongoka kama pua ya mtumbwi. Zamani palikuwa ghala la mawese. Kuchimba msingi kulichukua miezi saba, maji yalitoka mchangani kila siku. Mzungu aliyeichora alitaka ghorofa nane tu. Kampuni jirani ilipojenga tisa, wenye ofisi wakaona haya, wakaongeza nne. Juu ya kila dirisha palikuwa na kipande cha sementi cha kuzuia jua, na ndani sanduku la chuma la kupandisha watu bila ngazi.

Alisimulia vizuri. Vizuri mno, na kila mara kwa maneno yale yale, kama mtu anayesali rozari. Mimi nilitazama viganja vyake. Nimekandika nyumba tangu usichana, najua udongo unavyokula mkono. Vyake vilikuwa laini kama vya katekista.

Siku moja akasema mbele ya wote, “Mama Adolphine, hii nyumba tunabomoa. Nitakujengea ya ghorofa, na pua kama ile.”

Nyumba hiyo niliijenga mwenyewe, yeye hayupo. Fito nilizibeba kwa kichwa kutoka upande wa Swima, Adolphine mgongoni. Sikuwa na nyingine, wala ndugu wa kutupokea, na mvua ilikuwa karibu.

Jirani yangu Godelieve akacheka. “We dada, acha roho mbaya! Utalala juu kama bibi ya muzungu administrateur!”

“Na nikianguka, utanidaka?”

Kesho yake Casimir alikuwa amekwisha kutoa nyasi za paa la chumba cha nyuma na kupigilia vijiti vya ukuta mpya. Pembe yake ilichongoka kuelekea shamba la muhogo.

“Baba Adolphine, kule kulikuwa barabara mbili. Hapa barabara ziko wapi?”

“Ni uzuri tu, mama.”

Fundi hajengi pembe kwa uzuri tu. Hapo nikamuuliza, watu wakiwa wamejaa tena uani, “Ile siku ulifika kule juu kabisa, ulionaka nini?”

“Madirisha yanang’aa, moja juu ya ingine, mpaka shingo inauma.”

“Hiyo ni ya muntu iko chini. Mi nauliza juu. Muto ulikuwa namna gani? Bantu barabarani, ulibaona sawa nini?”

Akaivuta kamba yake ya kupimia ukuta. “Sema basi, fundi!” akapiga kelele Godelieve, na ua wote ukaangua kicheko. Casimir akaacha kamba ianguke, akaingia ndani.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake.

“Sikupandaka,” akasema. “Mi nilikuwa sentineli ya mulango. Miaka ine nilikaa chini, naangalia banajenga. Na ilipoisha, sentineli haingii mule.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja.”

Mawingu yalikuwa yamekwisha kuifunika rasi ya Ubwari kule ziwani. Nilikwenda kukata nyasi, naye nikampa mtungi achote maji ya kukandia udongo. Kwetu mwanaume hachoti maji. Alipita nao kichwani mbele ya watu wote mpaka ziwani na kurudi, mara tisa, na Godelieve alimpigia vigelegele kila mara. Vijiti vyake niliving’oa, paa nikalirudisha, mpasuko alioacha ukutani nikaukandika kabla mvua haijaanguka.

“Sasa unaniamini, Mama Adolphine?” akauliza, maji yakimtiririka shingoni.

“Naamini hukupanda. Lakini ule mulango, miaka ine, ulikuwa unafungulia ba nani, na jioni ulikuwa unarudi kwa nani, hiyo bado hujasema.”

Akachukua mtungi, akarudi ziwani, ingawa maji yalikuwa yametosha.