Mguu Ulitetemeka Juu ya Mafuta

Asubuhi ile tulikula muthokoi. Koplo Musyoka, mtu wa Tawa, aliyachemsha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe tangu alfajiri. Mimi ni Mkamba mwenzake, wa Kikima, na katika kambi yetu ng'ambo ya mpaka ni sisi wawili tu tuliokula chakula hicho kwa furaha. Wenzetu walitucheka, wakasema tunatafuna changarawe.

Nilikuwa dereva wa lori la kubeba mapipa ya maji. Musyoka aliketi kando yangu na bunduki. Saa nne tuliondoka kwenda kisimani, gari moja likitutangulia. Njiani alinieleza matuta atakayochimba shambani likizo ikifika.

Gari la mbele liliruka.

Sikusikia mlipuko. Masikio yalijifunga kama ya mtu aliyezama. Niliona vumbi, kisha tundu la risasi kwenye kioo, kisha jingine.

Mate yalikauka. Magoti yaligongana. Joto lilishuka mapajani, nikajua nimejikojolea.

Meno ya Musyoka yaligongana pia. Alinishika bega, akaniambia kwa Kikamba nisogee hadi kwenye gari lile tuwatoe wenzetu.

"Mguu ukitetemeka, utetemeke juu ya mafuta," alisema.

Nikakanyaga.

Alishuka mara tatu. Mara tatu alirudi na mtu mgongoni.

Mara ya nne, risasi ilimpata kifuani.

Sikumbuki kufungua mlango. Nilimbeba, mtu aliyenizidi kimo na uzito, na sikuhisi chochote hadi jioni, mgongo ulipokataa kunyooka. Alikata roho kabla hatujafika kambini. Wale watatu walipona.

Daktari wa kambi alinieleza baadaye kwamba hofu huuamsha mwili wote. Moyo hukimbiza damu kwenye misuli, mdomo hukauka, kibofu huweza kuachilia. Si aibu, alisema. Ni mwili unaojipanga kuishi.

Tulimzika Tawa. Mama yake aliniita kando ya nyumba, akaniuliza jambo moja: kama mwanawe aliogopa. Wajomba waliosimama karibu walinikazia macho. Nilijua jibu walilolitaka.

"Aliogopa, mama. Alitetemeka kama mimi. Halafu akashuka."

Alinishika mkono.

"Basi nilizaa mtu," akasema.

Miaka imepita. Tairi likipasuka pale Malili, kwenye barabara kuu, bado najikuta nimelala chini, moyo ukinidunda, wachuuzi wakinitazama. Zamani niliinuka kwa haya. Siku hizi najipangusa vumbi, nawasalimu, naendelea na safari. Mwili huu ulijikojolea, na ni huu huu uliowafikisha watu kambini.

Wale watatu wana watoto sasa. Musyoka hakuacha hata mmoja, na hakuna ninachoweza kuweka mahali hapo. Lakini mtu akiniuliza nilipigana bega kwa bega na nani kule, nalitaja jina lake kifua mbele, na nasema kwamba alitetemeka.